Pesa ya mboga inatosha kukusanya sarafu

Shilingi elfu ishirini inatosha kuanza kukusanya sarafu, tena hapahapa Mtwara, bila kuagiza chochote kutoka nje. Nikisema hivyo kijiweni, maswali huwa mawili. La kwanza ni kama mambo hayo si ya matajiri. La pili huja baadaye, watu wakishapungua, kwa sauti ya chini: "Kaka, nyumbani kuna rupia ya Mjerumani. Nani ananunua kwa milioni?"

Nianze na hilo la pili, maana ndilo linalowaharibia wengi hamu kabla hata hawajaanza.

Huku Kusini habari za mali ya Mjerumani haziishi. Watu wamechimba chini ya mibuyu na nyuma ya magofu wakitafuta masanduku. Siku hizi uvumi umehamia kwenye simu: unaletewa picha ya shilingi ya mwenge, chini yake imeandikwa kuwa kuna mnunuzi kutoka nje anayetoa milioni kadhaa, ila kwanza utume kidogo kwenye namba fulani ili usajiliwe. Mnunuzi huyo hayupo. Shilingi ya mwenge yenye kichwa cha Mwalimu ilitengenezwa kuanzia 1966 hadi 1984, tena kwa wingi, na kitu kilichojaa kwenye vibubu vya nchi nzima hakiwezi kuuzwa kwa bei ya nyumba. Umri peke yake haupandishi bei. Sarafu hupanda kwa uchache wake, hali yake, na idadi ya watu wanaoitaka, vyote vitatu kwa pamoja. Heller ya shaba ya wakati wa Mjerumani imevuka miaka mia na bado zipo ambazo bei yake haizidi sana sahani ya wali na samaki. Kwa hiyo kama unataka utajiri, lima korosho. Huku tunafuata kitu kingine.

Ushauri wangu wa kwanza hauna gharama: jiwekee mpaka. Mtu anayesema anakusanya "sarafu za zamani" hana sababu ya kukataa chochote atakacholetewa, na mfukoni hatabaki na kitu. Mpaka wangu mimi ni fedha zilizowahi kununua kitu kati ya Kilwa na mto Ruvuma. Sarafu ya Japani, hata ukinipa bure, nitakushukuru na kukurudishia. Wewe unaweza kuchagua wanyama peke yake, au zenye tundu peke yake, au sarafu ya mwaka aliozaliwa kila mtu wa nyumbani kwako. Chochote utakachochagua, kiwe kitu chenye mwisho, ili wakati wote ujue umebakisha nini. Anayejua kwamba amepungukiwa na sarafu tatu tu hanunui ovyo.

Kisha anza na za kwetu. Sarafu za kwanza za Tanzania zilitoka 1966, mwaka uleule Benki Kuu ilipofungua milango: senti 5, senti 20, senti 50 na shilingi 1. Upande mmoja zote zina kichwa cha Mwalimu. Upande wa pili ishirini ina mbuni, hamsini ina sungura, na shilingi ina mkono ulioshika mwenge. Senti tano ina samaki, na wavuvi wa Msangamkuu walinicheka nilipomwita samaki tu. Kwao huyo ni sulisuli, na wanakuonyesha tanga lake la mgongoni kama ushahidi. Mwaka 1971, kwa ajili ya miaka kumi ya Uhuru, ikatoka shilingi 5 yenye pande kumi. Senti 10 ya pundamilia, ile yenye ukingo wa mawimbi, ilingoja hadi 1977, na kwa uzoefu wangu ndiyo inayochelewa zaidi kupatikana huku.

Zikafuata za wakati wa Mzee Mwinyi, nazo nyingi bado zimelala kwenye droo za cherehani. Baada ya hapo unafika kwenye chenji ya leo: hamsini ya faru na mtoto wake, mia ya swala, mia mbili ya simba wawili yenye sura ya Mzee Karume, na mia tano ya nyati iliyoanza kutumika 2014. Hizo nne gharama yake ni shilingi 850. Hakuna mkusanyo mwingine duniani ambao ukichoka nao unaweza kuupandia bajaji. Ila usichukue ya kwanza unayopewa. Ongea na konda au muuza genge, akuruhusu uchambue chenji yake jioni, uchague iliyo safi kuliko zote, umpe nyingine badala yake. Konda mmoja wa njia ya Mikindani sasa ananiwekea zile zinazong'aa bila hata kuambiwa, ingawa bado anaamini nina mganga aliyeniagiza.

Noti sizigusi. Benki Kuu ilipoondoa zile za zamani kwenye mzunguko, kati ya 6 Januari na 5 Aprili 2025, waliochelewa kuzibadilisha waliniletea mafungu wakitaka niwalipe kiasi kilichoandikwa juu yake. Noti iliyokunjwa miaka ishirini ndani ya kitenge haina mkusanyaji anayeigombania. Nikawashauri wabakize moja kwa ajili ya kuwaonyesha wajukuu.

Raha hasa iko kwenye senti zenye tundu. Kabla ya Benki Kuu yetu, fedha ya Tanganyika, Kenya na Uganda ilikuwa chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1919. Bodi hiyo ilitoa senti 1, 5 na 10 za shaba zenye tundu katikati na pembe za ndovu zimelizunguka. Watu walizitunga kwenye kamba. Nyingine zilivaliwa shingoni na watoto, na moja niliyonayo niliing'oa, kwa ruhusa ya mwenyewe, kwenye msumari wa mlango, ilikokuwa inafanya kazi ya washa.

Kwa kuwa katikati kuna tundu, hapakuwa na nafasi ya kichwa cha mfalme. Likawekwa jina lake tu kuzunguka ukingo, na jina hilo ndilo la kusoma. Zipo za George V, zipo za George VI, na katikati yao kuna bwana mmoja, Edward VIII. Huyu alitawala mwaka 1936 tu, nao haukutimia, maana Desemba aliachia kiti ili amwoe mwanamke wa Kimarekani aliyekuwa ameachika mara mbili. Uingereza kwenyewe sarafu zenye kichwa chake hazikuwahi kuingia kwenye mzunguko, na zile chache za majaribio zilizosalia zinauzwa kwa fedha ambazo mimi na wewe hatutazishika. Lakini senti 5 na 10 za Afrika Mashariki hazikungoja picha. Zilihitaji jina tu, zikagongwa mwaka huohuo 1936 na kuletwa huku, zile za senti 10 kwa mamilioni. Ndivyo ilivyokuwa kwamba mkulima wa Newala aliweza kununulia chumvi jina la mfalme ambalo Mwingereza wa London hakuwahi kulikuta kwenye chenji yake. Na kwa sababu ni nyingi, bei yake ni ya kawaida kabisa. Yangu ya kwanza niliipata kwa muuza vyuma chakavu kwa bei ya soda.

Ukishaipata hiyo, itazame chini kwa lenzi. Kama kuna herufi H au KN, imetoka Birmingham, kila herufi na kiwanda chake. Isiyo na herufi imetoka kinu cha serikali, London. Mwaka mmoja, mfalme mmoja, thamani moja, na tayari una sarafu tatu tofauti za kutafuta. Kazi ya aina hii hailipiwi, inataka macho.

Shilingi ya simba, ya Bodi hiyohiyo ya Afrika Mashariki, nayo ina siri yake. Zilizogongwa hadi 1946 zina robo ya madini ya fedha ndani yake. Kuanzia 1948 fedha iliondolewa, ikabaki shaba iliyochanganywa na nikeli. Hizo za 1948 hadi 1952 ndizo zilizokuwa mkononi wakati Waingereza wakimwaga mali kwenye mradi wa karanga kule Nachingwea, ule ulioanza 1947 na kufa baada ya miaka michache, ukatuachia bandari ya Mtwara. Mzee yeyote wa Nachingwea ana habari za mradi ule, na wengine wana shilingi zake. Kisha itafute senti 10 ya 1964, ya mwisho mwisho. Malkia amekwisha kuondolewa jina, imebaki Afrika Mashariki peke yake.

Za Mjerumani ziendee polepole. Pesa za shaba (pesa hapa ni jina la sarafu yenyewe) za 1890 hadi 1892 zina tai upande mmoja, na upande wa pili maandishi ya Kiarabu yenye mwaka wa Hijria. Kampuni ya Kijerumani iliyozitoa ilijua vizuri nani anashika biashara ya pwani na anasoma nini. Mpe mtoto wa madrasa akusomee, atafurahi kuliko wewe. Mwaka 1904 wakaachana na hesabu ya pesa 64 kwa rupia, wakaleta heller 100 kwa rupia. Heller ya shaba ndiyo ya kuanzia: herufi A ni Berlin, J ni Hamburg. Ukibahatika kukuta ya 1916 yenye herufi T, hiyo ilitengenezwa Tabora, kwenye karakana ya reli, wakati wa vita, meli za kuleta sarafu kutoka Ulaya zikiwa zimezuiwa. Zimegongwa kwa haraka na haraka inaonekana. Nyingine maandishi yamekaa upande, nyingine hazijakaa duara sawasawa. Mimi nazipenda kuliko zote.

Rupia ya fedha yenye kaizari aliyevaa kofia ya tai iache mpaka mkono uzoee. Ni nzuri lakini si ya pesa ya mboga, na bandia zake zipo. Ya kweli ina uzito wa gramu 11.66 na upana unaozidi kidogo sentimita 3. Sonara yeyote mwenye mizani atakupimia, ukimwomba kwa heshima na dukani kusiwe na mteja. Tembea pia na sumaku ndogo, hata ile ya spika mbovu. Rupia ikirukia sumaku, ni chuma, mrudishie mwenyewe. Usiishangae mia ya sasa ikinasa, hiyo ni chuma kilichopakwa shaba kihalali. Na ukiletewa sarafu kubwa ya fedha yenye mama mnene na mwaka 1780, jua kwamba hiyo ni ya Maria Theresa wa Austria, ambayo imeendelea kugongwa kwa mwaka uleule 1780 hadi karne yetu hii. Mwaka ulioandikwa hapo hauthibitishi lolote.

Sasa Kilwa. Hili nataka tuelewane.

Masultani wa Kilwa waligonga sarafu zao wenyewe za shaba karne nyingi kabla ya Mreno kufika. Ni ndogo, hazina mwaka, na maneno ya upande mmoja yanapatana vina na jina la sultani lililo upande wa pili, kwa hiyo kila sarafu ni shairi fupi. Zilisafiri mbali: mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota 5 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, na mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje. Ni fedha zilizotengenezwa mkoani Lindi, na kila anayekusanya huku atazitamani. Usizinunue. Sheria ya Malikale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu nchini kabla ya 1863, na Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni Urithi wa Dunia tangu 1981. Ila hata sheria isingekuwepo ningesema hayohayo. Sarafu ikitolewa ardhini bila kuandikwa ilikuwa wapi, kina gani na karibu na nini, mtafiti amepoteza kila alichoweza kujua, na wewe umebaki na kipande cha shaba kilicholiwa. Kijana akikufuata na moja kiganjani, usimpe hata mia, maana kesho atarudi na jembe. Mpeleke kwa watu wa Malikale. Nafasi ya Kilwa kwenye mkusanyo wangu ni picha niliyobandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Kununua kwa wazee kuna adabu yake. Huingii nyumba ya mtu na kuuliza sarafu. Unaamkia, unakaa, unaulizia hali, korosho zimekubali au upepo umezipiga maua, na habari ya sarafu inakuja yenyewe au haiji siku hiyo. Bibi mmoja wa Mikindani alinimwagia mkebe mzima mkekani, akaniuliza, "Hivi vitakusaidia nini, mjukuu wangu?" Nikamwambia, "Nasoma, bibi." Akanitazama. "Basi soma na hii, ya marehemu babu yako," akanitolea heller ya 1909 iliyokuwa imefungwa kwenye pindo la khanga. Sikuinunua, wala hakuwa anaiuza. Niliipiga picha, nikaandika maelezo yake, nikamrudishia. Kitu cha marehemu kina wenyewe, na kesho wajukuu wa damu watakuja kuulizia.

Angalia pia msimu. Miezi ya minada ya korosho, Oktoba hadi Desemba, watu wana fedha na hakuna anayeuza kwa shida. Kuanzia Februari mambo hubadilika, mtu atakuletea rupia ya baba yake akitaka elfu tano ya unga. Bei yake unaijua wewe, yeye haijui. Mwambie thamani yake kwanza. Kama huna uwezo wa kutoa bei inayostahili, mwambie asiuze, na kama una elfu tano, mkopeshe. Mji wetu ni mdogo, na jina likishaharibika sokoni Sabasaba hata senti ya tundu hutaletewa tena.

Kuhifadhi ni jambo ambalo watu wa bara hawalisumbukii kama sisi. Hewa yetu ina chumvi. Sarafu ya shaba ikiachwa dirishani Shangani inaota ukungu wa kijani, na mia ya sasa inapiga kutu kwenye ukingo. Mimi natumia bahasha ndogo za karatasi, zile wanazotilia vidonge zahanati. Duka la dawa litakuuzia fungu zima kwa bei ndogo. Kila bahasha na sarafu moja, juu yake naandika kwa penseli mwaka, nilikoipata, kwa nani na kwa bei gani. Bahasha zinaingia kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vipakiti hivyo vibadilishe mara kwa mara wakati wa masika. Kaa mbali na mifuko laini ya plastiki inayonuka kama pazia jipya la bafu, maana baada ya muda inatoa utelezi unaokula shaba.

Na usisafishe. Hili nitalisema hata nikiwa usingizini. Ndimu, majivu, dawa ya meno, steelwire, vyote vinatoa ngozi ya sarafu, na ikishatoka hairudi. Rangi ya kahawia iliyoiva juu ya shaba si uchafu, ndiyo kinga yake na ndiyo wanayoilipia wanaojua. Kama ina udongo, iloweke kwenye maji yaliyochemshwa na kupoa, itoe, igandamize kwa kitambaa laini bila kusugua. Kama bado ina udongo, iache na udongo wake. Tena uishike kwa ukingo, vidole visiguse uso.

Mwenye nauli ya ziada na avuke Msumbiji. Ukipitia Daraja la Umoja pale Mtambaswala, rudi na chenji: metikali 2 ina samaki wa kale wa vilindini, na 5 ina timbila, marimba yao. Wafanyabiashara wa Masasi wanazo pia na hawajui wazifanyie nini, kwa sababu wabadilisha fedha hawapokei sarafu. Za escudo, fedha ya Msumbiji ya kabla ya 1980, zinataka subira zaidi, lakini wamo Wamakonde waliovuka Ruvuma wakati wa vita vya ukombozi wakiwa nazo mfukoni, na watoto wao bado wanazo.

Mwisho wa yote utajikuta una za ziada. Usiziuze, badilisha. Hivi sasa mimi nina shilingi za mwenge za 1966 zaidi ya ninavyohitaji, na shilingi ya simba ya 1950 iliyo safi sana. Ninachotafuta ni senti 10 ya pundamilia ya mwaka wowote, mradi ukingo wake haujachakaa. Walioko Lindi mjini, mwezi ujao nitakuwa huko.